Ardhi ya Kiwanda cha Zamani: Anachopaswa Kuuliza Mnunuzi Kabla Haijajengwa Upya

Mji wa Morogoro unapanuka kwa kumeza mashamba ya mkonge na maeneo ya viwanda. Palipokuwa na safu za mkonge zilizonyooka hadi upeo wa macho, leo pana mawe ya mipaka, namba za viwanja na vibao vya wauzaji. Mabanda ya viwanda vilivyojengwa katika miaka ya 1970 na 1980, ambavyo vingi havikudumu, yanapangishwa, yanabomolewa au ardhi yake inagawanywa. Makala hii inamhusu mnunuzi wa kiwanja, wa nyumba au wa chumba cha biashara katika maeneo ya namna hiyo. Inalihusu pia swali ambalo wanunuzi wachache huliuliza: chini ya ardhi hii mna nini, nani alipaswa kuchunguza, na kikionekana kitu baada ya fedha kulipwa, hasara itamwangukia nani?

Kuna aina tatu za mabaki yanayoweza kukutwa. Yapo yaliyotangulia kiwanda, kama vile vigae vya vyungu, mavi ya chuma na misingi ya makazi ya kale. Yapo ya kiwanda chenyewe: mitambo, reli ndogo, mifereji, kambi za wafanyakazi. Na yapo makaburi. Kila aina hushughulikiwa kwa sheria yake, na kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kuzichanganya.

Kwa nini kiwanda hukaa juu ya makazi ya kale

Jani la mkonge hutoa nyuzi kidogo sana. Takriban sehemu nne tu katika mia ya uzito wake ndizo zinazobaki kuwa singa. Sehemu iliyosalia ni maji na makapi, na ili kuyaosha panahitajika maji mengi yatiririkayo. Ndiyo maana kiwanda cha mkonge hakikujengwa katikati ya shamba kwa kupenda tu, bali kando ya mto au kijito. Katika bonde la Morogoro maji hayo hushuka kutoka Milima ya Uluguru kupitia Mto Morogoro na Mto Ngerengere.

Maji hayo hayo yaliwavuta watu waliotangulia. Mji wa Simbamwene, uliojengwa na Kisabengo na kurithiwa na binti yake, ulikuwa kando ya mto, umezungukwa na ukuta. Stanley aliupitia mwaka 1871 akiwa safarini kumtafuta Livingstone, na aliporejea mwaka uliofuata alikuta mafuriko yameubomoa ukuta wake. Misafara kutoka pwani ilipiga kambi palipokuwa na maji na chakula cha kununua. Wafua chuma nao walihitaji maji, udongo mzuri wa kufinyangia na miti ya mkaa. Huko Dakawa, kaskazini ya mji, katika bonde la Mto Wami, wanaakiolojia wamechimbua mabaki ya ufinyanzi na uyeyushaji wa chuma ya milenia ya kwanza baada ya Kristo. Aidha, reli iliyoanzwa kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907 haikubuni njia mpya kabisa, bali kwa sehemu kubwa ilifuata mwelekeo wa njia za misafara. Na viwanda navyo vilifuata reli.

Kwa hiyo mtu anaponunua ardhi iliyo karibu na maji, karibu na reli na yenye historia ya kiwanda, amenunua mahali ambapo watu wa nyakati mbalimbali walikuwa na sababu ile ile ya kukaa. Hilo si uthibitisho kwamba kuna kitu chini. Ni sababu ya kutosha ya kuuliza.

Mstari wa mwaka 1863

Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, iliyotungwa mwaka 1964 na kurekebishwa mwaka 1979, inalinda moja kwa moja majengo, ngome, maziko, visima na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Vilivyotengenezwa baadaye havina ulinzi huo kwa umri wao peke yake. Hulindwa pale Waziri mwenye dhamana anapovitangaza kuwa urithi unaolindwa.

Tuone maana yake kwa Morogoro. Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyosalia hai baada ya safari, na kwayo kilimo chote kikaanza. Hivyo hakuna shamba la mkonge, kiwanda cha mkonge wala kipande cha reli nchini Tanzania kinachouvuka mstari wa 1863. Muuzaji anaposema kwamba magofu yaliyo kiwanjani "si mambo ya kale kisheria", huenda anasema kweli kuhusu magofu hayo. Lakini vigae vilivyo nusu mita chini ya magofu huenda ni vya miaka elfu moja iliyopita, navyo vinalindwa hata kama hakuna kibao, uzio wala tangazo lolote. Ulinzi wa kitu cha kale hausubiri kigunduliwe. Mwenye kukipata anatakiwa kutoa taarifa, na hana ruhusa ya kukifukua zaidi, kukiuza au kukitoa nje ya nchi bila kibali.

Mnunuzi asishangae, basi, kuona kwamba gofu refu linaloonekana kutoka barabarani halina ulinzi wowote, ilhali rundo la mawe meusi mazito lililo kichakani, ambalo kila mtu hulikanyaga, linao.

Kukadiria bila kuchimba

Wengi husikia neno akiolojia wakafikiri sururu na brashi. Tathmini ya uwezekano wa mabaki ya kale, ile inayofanywa kabla ya ujenzi, huanza mezani, na mara nyingine huishia mezani. Lengo lake ni kujibu maswali matatu kwa kadiri ushahidi unavyoruhusu. Je, watu waliwahi kukaa au kufanya kazi hapa? Je, mabaki yao yamesalimika baada ya kiwanda kupita? Je, ujenzi uliokusudiwa utayafikia?

Kwa swali la kwanza mtaalamu huanza na nyaraka. Nyaraka za utawala wa Wajerumani zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na umuhimu wake ni mkubwa kiasi kwamba mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Humo mna majalada ya ardhi na mashamba. Ramani za zamani na picha zilizopigwa kutoka angani kabla ya mji kupanuka huonyesha vijia, vijiji na makundi ya miti ambayo leo hayapo. Mtaalamu akikuambia kwamba hakuna nyaraka zozote kuhusu shamba kubwa la zama za Wajerumani, muulize alizitafuta wapi.

Baada ya nyaraka ni wazee. Hapa ndipo tathmini nyingi huharibika, kwa sababu ya namna ya kuuliza. Mzee aliyefanya kazi shambani akiulizwa kama mahali pale "kuna mambo ya kale", atajibu hapana, kwa kuwa hakuna msikiti wa mawe wala pango lenye michoro. Lakini akiulizwa wafanyakazi walilala wapi, maji yalitekwa wapi, wagonjwa walipelekwa wapi, waliofariki walizikwa upande gani, na korona ilikuwa wapi (ndivyo watu wa mkonge walivyoiita mashine ya kuchambua majani, miaka mingi kabla jina hilo halijapata maana nyingine), atanyosha kidole na kuonyesha sehemu baada ya sehemu. Saa moja ya maswali ya namna hiyo huweza kuokoa wiki nzima ya kutangatanga.

Kisha hufuata kutembea uwanjani, kwa mistari, macho yakiwa chini. Mtu asiye mtaalamu naye anaweza kujifunza kuona baadhi ya dalili. Mavi ya chuma huonekana kama mawe meusi au ya hudhurungi, mazito kuliko ukubwa wake, yenye matundu na mikunjo ya kitu kilichowahi kuyeyuka. Karibu nayo huweza kuwapo vipande vya mabomba ya udongo yaliyopitisha upepo wa mivukuto, ncha zake zikiwa zimeungua na kung'aa kama kioo. Vigae vyenye michoro iliyokwaruzwa kabla ya chungu kuchomwa ni dalili nyingine. Mwembe mkubwa au mbuyu uliobaki peke yake katikati ya shamba la mkonge kwa kawaida una sababu ya kuwapo. Sarafu husaidia kujua tarehe: heller za Wajerumani, zilizoanza kutumika mwaka 1904, haziwezi kuwa zimeanguka mahali kabla ya mwaka huo.

Swali la pili ndilo gumu zaidi, nalo linastahili maelezo marefu kidogo. Kuna imani kwamba kiwanda kikishajengwa kimeharibu kila kilichokuwapo. Imani hiyo humfaa sana mwenye kutaka kujenga haraka, na ni kweli kwa sehemu tu. Chini ya mtambo mkubwa, ambako msingi wa zege ulichimbwa kwenda chini sana, hapana shaka kwamba kila kitu kimeondoka. Lakini eneo la kiwanda si msingi mtupu. Kuna nyua, bustani, njia za matoroli, uwanja wa kuanikia singa na kambi zilizojengwa kwa misingi mifupi. Shambani kwenyewe jembe la trekta hugeuza udongo wa juu tu. Shimo la taka, kitako cha tanuri au kaburi lililo chini zaidi ya hapo hubaki mahali pake, japo juu yake kila kitu kimechanganyika. Na pale ambapo mwenye kiwanda alijaza kifusi ili kusawazisha uwanja, kifusi hicho kimekuwa blanketi.

Morogoro ina blanketi jingine. Miteremko ya Uluguru imekuwa ikipoteza udongo kwa muda mrefu. Serikali ya kikoloni ilijaribu kuwalazimisha Waluguru kulima kwa ngazi, na mpango huo ukaporomoka kwa upinzani wa wananchi mwaka 1955. Udongo uliotoka mlimani umelala bondeni. Kwa hiyo kando ya mito, uso wa ardhi ambao watu wa kale waliukanyaga huweza kuwa umefunikwa kabisa, na mtu akitembea juu yake haoni hata kigae kimoja. Ripoti inayosema kwamba "hakuna kilichoonekana" mahali kama hapo haijasema kwamba hakuna kitu. Mnunuzi azitofautishe kauli hizo mbili kwa makini kama anavyotofautisha risiti na ahadi.

Panapokuwa na shaka ya namna hiyo, mtaalamu hupendekeza mashimo ya majaribio, machache na madogo, ili kuona matabaka ya udongo. Kazi hii huhitaji leseni ya Mambo ya Kale. Mwenye ardhi hana ruhusa ya kujichimbia akidai anatafiti, na wala kijana wa jirani mwenye sururu hawezi kuifanya kwa bei nafuu.

Swali la tatu hujibiwa kwa kuweka michoro ya ujenzi juu ya ramani ya yaliyokadiriwa. Mara nyingi jibu ni jepesi kuliko linavyoogopwa: kusogeza shimo la maji taka mita kumi, kuinua sakafu badala ya kuchimba, kuacha eneo fulani liwe uwanja wa kuchezea watoto au maegesho. Panaposhindikana, mabaki huchimbuliwa na kuandikwa rasmi kabla ya ujenzi, au mwanaakiolojia huwapo wakati tingatinga linapochimba ili alisimamishe panapohitajika.

Mazimbu: ardhi iliyobadilishwa matumizi mara tatu

Mfano ulio karibu zaidi ni Mazimbu, nje kidogo ya mji. Palikuwa shamba la mkonge. Soko la singa lilipodhoofishwa na nyuzi za viwandani katika miaka ya 1960, mashamba mengi nchini yaliachwa, nalo Mazimbu likawa miongoni mwa yaliyobaki na majengo makuukuu na vichaka. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliitoa ardhi hiyo kwa chama cha ANC cha Afrika Kusini, ambacho kilikuwa na uhusiano mkubwa na Morogoro tangu mkutano wake wa mwaka 1969. Hapo wakimbizi walijenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Waliotangulia kufika waliyatumia majengo ya shamba la zamani. Mwaka 1992 mali yote ilikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Makaburi ya Waafrika Kusini waliofia uhamishoni yamo humo humo.

Ukiipima Mazimbu kwa mstari wa 1863, karibu kila kinachoonekana juu ya ardhi hakina ulinzi wa umri. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba kwa hiyo hakina thamani. Hii ndiyo sababu tathmini nzuri haikomei kwenye kile ambacho sheria inakilinda kwa umri wake. Hueleza pia ni nini kimebeba kumbukumbu ya watu, ni nini kinastahili kupigwa picha na kupimwa kabla hakijabomolewa, na ni nani wa kuulizwa. Kwa maoni yetu, hata mabanda ya miaka ya 1970 yanastahili angalau hilo. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichogharimiwa na Benki ya Dunia kwa matumaini ya kuuza viatu Ulaya na ambacho hakikuwahi kuukaribia uwezo wake, ni sehemu ya historia ya uchumi wa nchi hii kama yalivyo maghala ya Wajerumani.

Makaburi ya manamba

Jambo lenye uzito kuliko yote katika mashamba ya mkonge ya zamani si vigae wala mitambo.

Wafanyakazi wengi wa mashamba hayo hawakuwa wenyeji. Waliandikishwa mbali, Kigoma, Songea, Njombe, Ruanda-Urundi na Msumbiji, wakasafirishwa kwa malori na treni, wakapewa namba, na kutokana na namba hizo wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi maalumu ya kuwaandikisha, iliyojulikana kama SILABU. Wengi walimaliza mkataba wakarudi makwao. Wengine walifariki kambini, wakazikwa na wenzao kando ya shamba. Mwenzao naye alipoondoka, hakubaki mtu wa kufagia kaburi wala wa kulitaja. Makaburi ya wenyeji yana watoto na wajukuu watakaosimama mbele ya tingatinga. Ya manamba hayana.

Dalili zake ni hafifu. Ardhi hudidimia kwa umbo la mstatili, au huwapo vilima vidogo vya mawe vilivyopangwa kwa safu. Baadhi huwa na sahani, kikombe au chupa iliyowekwa kichwani. Kutoka Morogoro Kibla iko upande wa kaskazini, hivyo makaburi ya Waislamu hulala mashariki na magharibi. Na kwa kuwa ya Wakristo nayo mara nyingi huelekezwa mashariki, mwelekeo peke yake haukuambii dini ya marehemu. Unachokuambia ni kwamba safu ya mashimo yaliyodidimia yakiwa yameelekea upande mmoja haikufanywa na mvua.

Kisheria, makaburi hayahitaji kuwa ya kale ili yaheshimiwe. Kanuni ya Adhabu inafanya kuwa kosa kuingilia mahali pa maziko kwa nia ya kudhalilisha. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 imeweka utaratibu wa kuyahamisha pale ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma. Haimpi mwenye kiwanja ruhusa ya kufukua kwa hiari yake na kuihamisha mifupa kwa mkokoteni usiku. Mambo hayo hufanyika, na anayeyafanya humwachia mnunuzi nyumba yenye maneno ya majirani yasiyokwisha.

Ndiyo maana swali la waliozikwa liulizwe wakati shamba lingali shamba moja. Likiwa limekwisha kugawanywa viwanja mia tano, eneo la maziko limekatwakatwa kati ya watu ishirini, kila mmoja akiwa amelipa, na hakuna hata mmoja kati yao aliye tayari kupoteza kiwanja chake. Mwendelezaji anayepima mapema hupoteza eneo dogo katika mchoro. Asiyepima humsukumia mzigo huo mnunuzi wa mwisho, ambaye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuubeba.

Sumu, mabomu na mahandaki

Kabla mtu yeyote hajachimba shimo la majaribio, ajue kiwanda kilitumia nini. Viwanda vya ngozi hutumia chumvi za kromiamu. Karakana huacha mafuta ya mitambo. Mapaa ya zamani huweza kuwa ya asbesto, ambayo ikivunjwa hutoa vumbi lenye kuua polepole. Uchunguzi wa sampuli za udongo huweza kufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Aidha, Morogoro ilitekwa na majeshi ya Uingereza mwezi Agosti 1916, na ardhi iliyo karibu na reli huweza kutoa risasi na mizinga ya vita vile. Chochote kinachofanana na bomu, hata kikiwa kimeshika kutu, kiachwe na polisi waitwe. Juu milimani, wanunuzi wa viwanja vya mapumziko wachunguze kama eneo liliwahi kuchimbwa ulanga, yaani mika: mashimo ya kazi hiyo, yaliyofunikwa na majani, hayajaacha kuwa mashimo.

"Mali ya Mjerumani"

Tunalazimika kuyasema haya kwa kuwa yanawatia watu umaskini. Palipo na gofu la Mjerumani hapakosi mtu mwenye ramani ya hazina. Huja na karatasi iliyochakazwa kwa chai, jiwe lililochongwa herufi, au simulizi ya sanduku la rupia lililozikwa wakati wa vita, naye huomba mchango wa kafara, wa mashine au wa "kufungua". Wengine huuza kile wanachokiita zebaki nyekundu, kitu ambacho hakipo duniani. Tathmini ya akiolojia haitafuti hazina, haitumii vifaa vya kunusa dhahabu na haina sehemu ya siri. Anayejiita mtaalamu na kukudokezea mgawo wa vitakavyopatikana amekwisha kujitambulisha. Na ukichimba kwa kumfuata, mwenye kushtakiwa kwa kufukua bila leseni ni wewe uliye na kiwanja.

Kabla ya kulipa

Miradi mikubwa ya kuendeleza ardhi hutakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na cheti chake hutolewa kupitia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC. Urithi wa utamaduni ni sehemu ya tathmini hiyo. Mnunuzi wa kiwanja kimoja hatakiwi kufanya tathmini yake mwenyewe, lakini anaweza kumwomba mwendelezaji amwonyeshe cheti na sura ya ripoti inayohusu malikale na makaburi. Aisome hata kama ni ndefu. Ripoti yenye ramani ya maeneo yaliyokwisha kuvurugwa na yasiyovurugwa, inayosema nani alihojiwa na lini uwanja ulitembelewa, imefanyiwa kazi. Ripoti ambayo ingeweza kuhamishiwa Tanga au Kilosa kwa kubadilisha jina la mahali haikufanyiwa kazi.

Upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi hukuonyesha mmiliki na madeni, hauonyeshi makaburi. Kwa hiyo nenda kiwanjani mchana, na umwulize mwenyekiti wa mtaa pamoja na mzee mmoja au wawili wasio na faida katika mauzo yale. Katika mkataba, iandikwe kwamba muuzaji ametamka kama anajua au hajui kuwapo kwa makaburi au mabaki ya kale, na isemwe wazi ni nani atakayebeba gharama za kusimama kwa ujenzi, na kama fedha zitarudishwa au kiwanja kitabadilishwa pale sehemu yake isipoweza kujengwa. Muuzaji mwaminifu hataona shida kutia sahihi kifungu hicho.

Kitu kikionekana wakati fundi ameshaanza kuchimba msingi, kazi isimame mahali hapo. Sehemu nyingine ya kiwanja inaweza kuendelea. Kisioshwe, kisisogezwe, kisigawanywe kwa watoto. Kipigwe picha kikiwa na kitu cha kulinganishia ukubwa pembeni, kama kalamu au futi ya fundi, kisha kifunikwe kwa turubai. Taarifa ipelekwe kwa mtendaji wa mtaa au wa kijiji, kwa ofisa utamaduni wa halmashauri, na kupitia kwao Idara ya Mambo ya Kale iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Ikiwa ni mifupa ya binadamu, polisi waitwe kwanza, kwa maana si kila mifupa iliyo ardhini ni ya zamani. Omba taarifa yako ipokelewe kwa maandishi, yenye tarehe na muhuri, na nakala moja ibaki kwako pamoja na hati za kiwanja.